Mbuzi Hakuwa na Kosa

Barua ilifika Paris siku ya Jumatatu, na Anthelme Desvernay aliifungua huku akitabasamu, kwa kuwa alidhani ni ya mtu anayemsifu. Mwandishi akishazoea sifa, kila bahasha huiona imebeba sifa. Lakini mwandiko ulikuwa wa mtu aliyesomea shule ya kijijini, herufi zimesimama wima kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu, na maneno yalikuwa ya Reine Cortet wa Chaumerey, kule kwenye milima ya Morvan. Huyo ndiye mwanamke aliyemnyonyesha.

"Mwanangu," barua ilisema, "padri ameniambia umeandika kitabu cha safari zako na kijiji chetu kimo. Binti yangu Philiberte alikitafuta gulioni Autun akaambiwa kimekwisha. Macho yangu hayakufundishwa kusoma, na kifua changu hakitanipa muda mrefu. Njoo Jumapili yoyote unisomee mwenyewe. Nitapika."

Anthelme akakaa kitini. Uso ulimwaka moto, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumwona.

Ni lazima isemwe wazi kitabu kilikuwa na nini, maana yeye mwenyewe kwa miaka miwili alikuwa akijitahidi kusahau. Alipita Chaumerey siku ya mvua, mwaka 1909, akiwa na rafiki yake Octave, mchoraji wa vikatuni vya magazetini. Nyumba ya Reine aliijua hata kabla hawajaikaribia: kuta za mawe, paa la vigae vyeusi, mlango wa buluu. Alipokuwa na miaka saba aliwahi kuletwa pale na mama yake, akalala majira yote ya joto kwenye kitanda kilichokuwa karibu na meko. Angeweza kubisha hodi. Lakini Octave alikuwa akimchekesha njia nzima kuhusu wanawake wa huko na ukubwa wa vifua vyao, na Anthelme alijiona mbele ya macho ya rafiki yake akikumbatiwa na kikongwe aliyevaa viatu vya mbao, akiitwa "kijogoo changu." Akainua kola ya koti lake, akapita.

Jioni yake akaandika ukurasa wa themanini na tisa, na katika kitabu kizima huo ndio uliowavunja watu mbavu Paris. Aliandika hivi: "Chaumerey ni kijiji kilichojengwa kwa maziwa. Wanawake wake hukodisha matiti kama wengine wanavyokodisha punda, na ukiona paa jipya la vigae, ujue kuna mtoto wa Paris aliyelinyonyea. Watoto wao wenyewe huwaachia mbuzi awalee, na ndiyo maana ukiwasalimu watu wa huko hukujibu kwa mlio."

Wahenga walishasema shukrani ya punda ni mateke. Punda mwenyewe angalau hapigi chapa mateke yake na kuyauza madukani.

Basi kwa nini aende? Kwanza, mama yake alikuwa amefariki majira ya kuchipua, na duniani hapakubaki mtu mwingine aliyemjua kabla hajaota meno. Pili, na hili ndilo lililomtia nguvu miguuni, kikongwe hajui kusoma. Yeye atakishika kitabu mkononi na kusoma atakalo. Maneno ndiyo kazi yake, atashindwaje kutunga ukurasa mmoja mzuri mbele ya bibi wa miaka sitini na miwili? Hakujisumbua hata kuuandaa.

*

Stesheni alipokelewa na mzee mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku, ameketi juu ya gari la farasi, kuku mmoja amefungwa miguu kando yake.

"Wewe ndiye mtoto wa Paris?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mimi Vivant, jirani yao. Reine alisema ulikuwa kama sungura aliyechunwa, kumbe umenenepa hivi! Panda, panda. Usimkalie kuku, si wa leo huyo."

Njia ilipanda katikati ya misitu iliyoanza kugeuka rangi. Vivant alisema bila kupumua. Alikuwa amefanya kazi ya kutelemsha magogo mtoni tangu ujana, magogo yanayoelea mpaka Paris kupasuliwa kuni.

"Nimewaotesha moto ninyi miaka arobaini," alisema. "Kuni zetu, maziwa yetu. Kikohozi tu ndicho hatujawauzia, na hicho Reine anacho kingi ukikitaka. Kitabu umekuja nacho?"

"Ninacho."

"Mimi nimo?"

"Hapana, mzee."

"Basi hakijakamilika," alisema Vivant, akampiga farasi kwa upole.

Reine alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cheupe cha Jumapili kichwani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Anthelme alivyomkumbuka. Alimvuta chini kwa mikono miwili, akambusu shavu hili na lile, kisha akamnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga.

"Kijogoo changu," alisema. "Umechelewa. Miaka thelathini na moja si kuchelewa?"

"Nimechelewa, Yaya. Nisamehe."

"Ingia. Philiberte, mgeni wetu huyu. Hapana, si mgeni. Ingia."

Philiberte alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mrefu, mikono imekunjwa kifuani. Alisema, "Karibu, Bwana."

Ukutani, kando ya msalaba, ilitundikwa picha ya mtoto mnene aliyevalishwa lesi: Anthelme mwenyewe, mwaka mmoja. Chini ya picha, kwenye msumari wake peke yake, kilining'inia kikofia cha kitoto cha sufi, kimegeuka rangi kwa umri. Moyo wa Anthelme ulifurika.

"Yaya! Umetunza kikofia changu mpaka leo!"

Reine alikitazama kikofia, akamtazama yeye. "Keti, mwanangu," alisema. "Umetoka mbali." Philiberte akageuka, akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Walimketisha kichwani mwa meza. Reine alikuwa amepika supu ya kabichi, paja la nguruwe lililokaushwa, na chapati nene zenye vipande vya mafuta ya nguruwe, zile alizozipenda akiwa na miaka saba. Mpaka hapo mambo yalikuwa yakienda vizuri, na Anthelme alianza kujiona mtu mwema aliyefunga safari ndefu kwa ajili ya bibi mgonjwa. Ndipo Philiberte alipoleta mkate. Ulikuwa mkate mkubwa wa mviringo, na aliuweka mbele ya Anthelme, karibu kabisa na sahani yake, tumbo juu, mgongo chini.

Ufaransa nzima hakuna mtoto asiyejua maana yake. Zamani waokaji waliuweka kando mkate wa mnyongaji, wakaupindua ili mtu mwingine asiuguse. Hakuna anayempindulia mgeni mkate kwa bahati mbaya, na Philiberte hakuwa mwanamke wa kukosea meza yake mwenyewe. Macho yao yakakutana. Anthelme akajua kwamba kile kitabu hakikuwa kimekwisha gulioni Autun hata kidogo. Philiberte alikuwa amekisoma, akamficha mama yake.

"Philiberte!" Reine alimaka. "Unataka shetani ale nasi?" Akaugeuza mkate haraka, akauchora msalaba kwa ncha ya kisu, akakata kipande cha kwanza na kumpa Anthelme. "Msamehe. Tangu asubuhi ana kisirani."

Anthelme alikitafuna kipande kile lakini hakikumezeka. Akakishusha kwa divai.

Katikati ya chakula Reine alizungumza habari za mama yake Anthelme, akamwombea pumziko. "Aliniandikia ulipong'oka jino la kwanza," alisema. Kisha akafumba macho, akasema polepole: "'Reine wangu mwema, mtoto wako wa maziwa amepoteza jino jana akila pea. Hakulia. Aliuliza kama Yaya atakuwa bado anamjua akiwa na pengo. Nilimwambia Yaya angemjua hata gizani.'" Akafumbua macho. "Padri wa zamani alinisomea mara moja tu, Mungu amrehemu."

"Mara moja?" Anthelme aliuliza.

"Asiyejua kusoma ataweka wapi maneno? Anayaweka hapa." Akajigusa paji la uso. "Haya, sasa zamu yako. Futa mikono, usitie kitabu mafuta."

*

Anthelme alifungua ukurasa wa themanini na tisa. Vivant alivuta kiti karibu. Philiberte alibaki amesimama nyuma ya mama yake, na Anthelme hakuthubutu kuinua macho upande ule.

Akaanza kusoma yasiyoandikwa. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikashika njia. Alisema Chaumerey ni kijiji kilichokaa mlimani kwa heshima. Alisema wanawake wake wamelea nusu ya Paris na Paris haijawahi kuwaambia asante. Alisema kuna nyumba moja yenye mlango wa buluu, na vigae vyake baada ya mvua hung'aa kama mgongo wa samaki, na kwamba msafiri akiuona mlango ule hujua kwamba mahali fulani duniani aliwahi kupendwa bila kuombwa awe na akili. Hilo la mwisho lilimtoka lenyewe.

Vivant alipiga meza. "Ahaa! Mgongo wa samaki! Ndivyo vilivyo kabisa!"

Machozi yalikuwa yakimshuka Reine, naye akayaacha yashuke. Hata Philiberte alikuwa amelegeza mikono.

Anthelme alikaribia kufunga kitabu. Laiti angekifunga!

"Rudia pale pa nyumba," alisema Reine. "Pale tu. Nipaweke vizuri."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye kiti kile. Alitazama ukurasa. Macho yalikutana na "mbuzi awalee," na maneno mazuri yote yakamkimbia. "Kuna nyumba moja," alisema, "yenye mlango wa buluu... na moshi wake hupanda taratibu asubuhi... na msafiri akiuona hukumbuka utoto wake."

Chungu kilitokota mekoni.

"Mara ya kwanza vigae vilikuwa viking'aa baada ya mvua," Reine alisema. "Sasa ni moshi, na asubuhi."

"Labda ni ukurasa mwingine," Vivant alisema.

"Hajafunua. Namtazama vidole."

Philiberte aliweka mkono begani mwa mama yake. "Mama, Bwana amechoka na safari. Ndivyo ilivyoandikwa, vigae na yote, hata mimi nili..." Akajikata.

"Hata wewe nini?" Reine aliuliza bila kugeuka. "Si uliniambia kilikwisha?"

Shingo ya Philiberte ilikuwa nyekundu. Alinyoosha mkono kukichukua kitabu. "Lete. Nitamsomea mimi," alisema, na Anthelme alielewa kwamba yeye pia angetunga. Mwanamke aliyempindulia mkate wa mnyongaji alikuwa tayari kusema uongo wake, tena kwa ajili ya mama yake, si kwa ajili ya Anthelme. Aibu hiyo ilizidi zile nyingine.

"Acha," alisema Reine. "Aliyeandika ndiye atakayesoma. Mwanangu, soma kilichopo."

"Yaya, naomba..."

"Soma."

Akasoma. Alisoma maziwa, alisoma punda, alisoma paa la vigae. Mambo yaliyowachekesha watu kwenye meza za Paris yalianguka juu ya meza ile moja moja, na hakuna aliyecheka. Alipofika kwa mbuzi sauti ilikatika, na Reine akangoja, naye akalazimika kuumalizia ukurasa mpaka kwenye mlio. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Morvan ni mwamba, haipasuki ovyo.

Vivant alikuwa akiangalia kofia yake magotini. Reine alikohoa, akapangusa mdomo kwa ncha ya aproni.

"Mbuzi hakuwa na kosa," alisema hatimaye. "Alikuwa mbuzi mzuri, mweupe. Mama mkwe wangu alimkamua mara nne kwa siku, akachemsha kila mara. Lakini tumbo la mtoto wa miezi mitatu halikutaka. Alijitahidi mbuzi yule."

Anthelme alimtazama bila kuelewa. Kisha macho yake yakaenda ukutani, kwenye kikofia, na akaanza kuelewa.

"Anaitwa Andoche," Reine alisema. "Mmezidiana siku kumi na mbili. Mlinyonya ziwa moja, yeye miezi mitatu, wewe kumi na minne. Alipokufa nilikuwa kwenu Paris nikikunyonyesha, padri akaniandikia barua. Mama yako aliificha kwenye droo ya meza wiki tatu. Daktari alimwambia huzuni huharibu maziwa, na wewe ulikuwa na homa." Alisema hayo kwa sauti ile ile aliyosemea habari za jino. "Wiki tatu nilikuimbia na mwanangu yuko chini ya udongo. Baadaye mama yako alilia, akapiga magoti mbele yangu, bibi mkubwa yule na gauni lake la hariri. Nikamwinua. Ningefanya nini? Ulikuwa unaniitia ziwa."

"Sikujua," Anthelme alisema. "Yaya, naapa sikujua."

"Ungejulia wapi? Hukuuliza." Akageukia dirisha. "Na siku ile ya mvua? Wanaume wawili walipita hapo barabarani. Nikamwambia Philiberte, tazama yule mwenye kola, mguu wake wa kushoto unaingia ndani kama wa mtoto wangu wa maziwa. Philiberte akasema, angekuwa yeye angebisha hodi. Nikasema kweli, angebisha. Nikarudi kwenye maharage yangu."

Anthelme alifunika uso kwa mikono. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, jina lake liko kwenye madirisha ya maduka ya vitabu, na alilia mezani kwa watu kwa sauti. Alitaka kuomba msamaha, lakini hakujua aanze na lipi: ukurasa, mvua, au kikofia alichojitwalia kuwa chake.

"Nisamehe," alisema kupitia vidoleni.

Reine alinyanyuka kwa shida, akapita nyuma ya kiti cha Anthelme. Kwa kitambo Anthelme alihisi mkono juu ya nywele zake, mzito na wenye joto, kisha ukaondoka.

"Vivant," Reine alisema, "mtengenezee Bwana gari. Treni ni saa kumi."

Bwana. Philiberte mwenyewe aligeuka aliposikia neno hilo.

Reine alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu, kama anavyosindikizwa mkaguzi wa serikali. Pale kizingitini alimpa kifurushi kilichofungwa kwa uzi. Anthelme alikijua kabla hajakishika. Kila Noeli tangu utotoni alitumiwa soksi za sufi kutoka Chaumerey, na kwa miaka mingi alizigawa kwa mtunza mlango wa jengo lake.

"Za mwaka huu," alisema Reine. "Nilishazifuma."

"Yaya, sistahili."

"Sufi ikishafumwa si vizuri kuifumua, Bwana. Njiani kuna baridi."

Na mlango wa buluu ukafungwa, bila kubamizwa.

*

Vivant aliendesha gari kimya mpaka walipovuka daraja la kwanza. Kuku alikuwa amelala. Anthelme alizishikilia zile soksi ndani ya kifurushi, akiziminya, akihisi kisigino kilivyofumwa mara mbili ili kisitoboke upesi.

"Ile ya mgongo wa samaki," Vivant alisema ghafla. "Na ile ya mtu kupendwa bila kuombwa awe na akili. Uliitunga pale pale, mezani?"

"Ndiyo, mzee."

"Haikuwemo kitabuni hata kidogo?"

"Haikuwemo."

Mzee alitafuna masharubu yake. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alionekana kama mtu anayejaribu kwa moyo safi kuielewa kazi ya mwenzake.

"Ilikuwa nzuri sana," alisema. "Sasa kwa nini hukuiandika hiyo?"

Stesheni ilikuwa bado mbali, na Vivant alikuwa amegeuka kitini, akisubiri jibu.